Haidroliki ya Gari Gani?

Ukiingia duka la spea pale Ilala ukaomba oili ya giaboksi, utaulizwa maswali mawili: gari gani, lita ngapi. Ukijibu "Toyota IST, lita nne," muuzaji ananyoosha mkono kwenye rafu, anakukabidhi kopo, unalipa, mmeachana. Maswali hayo mawili hayatoshi. Najua hayatoshi kwa sababu hivyo ndivyo ilivyonunuliwa oili iliyoua giaboksi ya gari langu, na ilifia katikati ya mlima Kitonga, mama yangu akiwa kiti cha nyuma na lori la mafuta la kwenda Zambia limetuganda kwa nyuma.

Ilikuwa hivi. Nilipeleka gari sevisi ya kawaida, gereji niliyoizoea hapa Dar es Salaam. Fundi akaniambia, "Dada, haidroliki yako imechoka, tuibadilishe." Alimaanisha oili ya giaboksi. Nikasema sawa. Akamtuma kijana dukani, kijana akarudi na oili nyekundu, ya zamani ikamwagwa, mpya ikatiwa, nikashika njia. Wiki ya kwanza gari lilikuwa zuri tu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Lingegoma siku ile ile, oili ingemwagwa na giaboksi ingepona.

Dalili zilikuja polepole. Kwanza kutetemeka kidogo gari linapotoka kwenye taa, kama linaendeshwa na mtu anayejifunza klachi, ilhali halina hata pedali ya klachi. Halafu mlio mwembamba, kama mbu aliye karibu na sikio, unaopanda kadiri spidi inavyopanda. Nikadhani ni tairi. Baada ya kama wiki sita, mama akiwa amemaliza kliniki zake Dar, nikaanza safari ya kumrudisha nyumbani Iringa.

Anayeijua barabara ile anajua kwamba ukishavuka Ruaha Mbuyuni, safari inabadilika. Mbele kuna Kitonga, kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande mwingine, malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Huwezi kuovateki. Unatulia nyuma ya lori, unakanyaga, unaachia, unakanyaga tena. Kwenye kona mojawapo nilikanyaga, injini ikapiga kelele, mshale wa mizunguko ukapanda hadi elfu nne, na gari likabaki pale pale kana kwamba limefungwa kamba kwa nyuma. Mama akanishika bega. "Mwanangu, gari linalia."

Utingo wa lile lori la mafuta akashuka na jiwe mkononi, akaliweka nyuma ya tairi letu kabla sijamwomba chochote. Akavunja matawi, akayatandaza barabarani kuonya wanaokuja. Sikumuuliza jina, na nimemwombea mara nyingi. Tulikaa karibu saa nzima giaboksi ikipoa, kisha tukajikongoja hadi Ilula, tukaingia Iringa mjini giza limeshatanda.

Fundi wa Iringa, tuliyemwona kesho yake, alikuwa kijana mdogo kuliko nilivyotegemea. Akamwamkia mama, akaingia chini ya gari, akalegeza nati ya kumwagia, akakinga matone machache kwenye tishu nyeupe. Akaipeleka tishu juani na kuigeuzageuza. Ile oili ilikuwa inametameta kama vumbi la almasi. "Hiki ni chuma, dada. Puli inasagika." Akanusa, akanipa na mimi ninuse: harufu ya ukoko ulioshika chini ya sufuria. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza: "Hii giaboksi ni aina gani?"

Nikamjibu ni IST. Akatikisa kichwa. Akafungua boneti, akachukua kitambaa, akafuta kibati cha kiwandani, kile chenye namba ya chesisi ambacho wengi tunakiangalia siku ya kusajili gari tu. Kwenye baadhi ya Toyota kipo ndani ya boneti, kwenye nyingine kwenye nguzo ya mlango. Akaweka kidole kwenye mstari ulioandikwa A/TM. Mwanzoni mwa namba ya aina ya giaboksi kulikuwa na herufi K. "K ni CVT," akasema, yaani otomatiki inayotumia puli na mkanda badala ya gia. "Aliyekuwekea hii nyekundu alidhani una IST ile ya kwanza."

Nilisimama pale nikiangalia herufi moja tu, ndogo, imegongwa kwenye bati. Ilikuwepo siku zote.

IST ni magari mawili yenye jina moja. Lile la kwanza Toyota walilitengeneza kuanzia 2002 hadi 2007, na ndilo lililojaa mitaani kwetu: lina otomatiki ya gia nne, na oili yake ni ATF, yaani oili ya otomatiki ya kawaida, ya aina ya T-IV. La pili lilianza 2007, nalo mara nyingi lina CVT, inayotaka oili ya CVT peke yake. Injini ya lita 1.5 kwenye yote mawili ni ile ile 1NZ. Fundi anayeinama chini ya boneti anaona injini aliyoifungua mara mia, mkono unakwenda kwenye kopo lile lile. Toyota Premio ni mtego mkubwa zaidi, kwa sababu kuna za mwaka mmoja, umbo moja, rangi moja, ambapo ya lita 1.8 ina gia nne za otomatiki na ya lita 2.0 ina CVT. Subaru Forester nayo ilibadilika katikati: iliyotoka kabla ya 2012 ikiwa otomatiki kwa kawaida ni gia nne, na ile iliyofuata ina CVT ya mnyororo. Jina la gari halikwambii kitu.

Neno letu wenyewe pia limechangia. Mafundi wetu wengi wanaita haidroliki kila kimiminika chepesi kinachotiwa kwenye otomatiki, kwenye CVT na hata kwenye pawa stelingi. Neno moja kwa vitu vitatu visivyofanana. Siwalaumu kwa kuwa na neno la kazi, kila fani ina yake. Ila ukisema "niwekee haidroliki" umesema kama mtu anayeingia duka la dawa na kuomba "vidonge".

Nataka nieleze kwa nini tofauti hii inaua giaboksi, kwa sababu nilipoielewa ndipo nilipoacha kukisia.

Otomatiki ya kawaida ndani yake ina visahani vingi vyembamba vilivyopangwa kimoja baada ya kingine, vinaoga kwenye oili. Gia inapobadilika, oili yenye presha inavibana visahani vya gia moja na kuviachia vya nyingine. Oili hiyo hiyo ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kupitia konveta, chombo kilicho kati ya injini na giaboksi, ndiyo inayoondoa joto, ndiyo inayolainisha beringi. Na kuna kazi ya tano isiyoonekana: inaamua visahani vishikane kwa ukali gani. Utelezi ukizidi, gia inateleza na visahani vinaungua. Ukipungua, gia inaingia kwa kishindo mpaka kikombe cha chai kinamwagika.

CVT haina gia za kuhesabu. Ina puli mbili, kila moja ni koni mbili zinazotazamana, na kati yao kuna mkanda wa chuma uliotungwa kwa mamia ya vipande vyembamba. Koni zikisogeleana mkanda unapanda juu, zikiachana unazama. Hakuna meno kati ya puli na mkanda. Chuma kinashika chuma kwa kubanwa tu, na katikati yao kuna oili. Fikiria mkwezi wa mnazi: nyayo zake ndizo zinazomshikilia. Oili ya CVT imetengenezwa ilinde chuma kisilane na bado imwache mkwezi ashike mti. Ukitia ATF, umepaka nyayo zake mafuta. Anaweza kupanda hatua chache, kwenye tambarare za Dar hata kilomita nyingi. Akifika mahali pa kujivuta, kama Kitonga, mkanda unateleza na kuchora mikwaruzo kwenye koni, na kila mkwaruzo unazaa mwingine. Ukimwaga oili na kutia iliyo sahihi baada ya hapo, mikwaruzo haifutiki. Giaboksi yangu haikufufuka. Niliishia kununua nyingine iliyotumika kutoka Japani, kwa pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya paa la nyumba ya mama.

Hata ndani ya kundi moja oili hazibadilishani. T-IV na WS zote ni za Toyota, zote ni ATF, zote ni nyekundu. WS, ambayo kirefu chake ni World Standard, ni nyepesi zaidi, na Toyota wenyewe wanasema isitiwe kwenye giaboksi ya T-IV wala kinyume chake. Kwenye CVT za Toyota kuna TC na kuna FE, na Nissan wana NS-2 na NS-3. Rangi si kipimo, inatiwa kiwandani ili uvujaji uonekane kirahisi. Kuchagua oili kwa wekundu wake ni sawa na kuchagua soda kwa rangi ya kizibo.

Utelezi huu wa kupimwa una historia iliyonishangaza. General Motors walipotoa Dexron, ATF yao, mwishoni mwa miaka ya 1960, kiungo kilichoipa oili ushikaji unaotakiwa kilikuwa mafuta ya nyangumi. Kweli, nyangumi wa baharini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ikawaweka nyangumi chini ya ulinzi wa sheria, na watengenezaji wa oili wakalazimika kutafuta kemikali za kuchukua nafasi yake. Nikisoma hilo ndipo nilipoamini kwamba kiungo kinachotiwa kwa kiasi kidogo tu ndani ya kopo kinaweza kuamua uhai wa mtambo mzima.

Dexron yenyewe ina jambo la kukaguliwa ukiwa dukani. Leseni za Dexron III zilikoma mwishoni mwa 2006. Kwa hiyo kopo jipya lenye maandishi Dexron III leo halina mtu wa General Motors aliyelikagua. Huenda ni oili nzuri, huenda si nzuri, dhamana ni ya aliyeitengeneza peke yake. Ukiona kopo limeorodhesha kila aina chini ya jua, T-IV, WS, Dexron, SP-III, zote pamoja, mimi naliacha rafuni. Kuna makampuni ya heshima yanayotengeneza oili za magari mengi na watu wanazitumia vizuri, sibishi. Ila kwa giaboksi ambayo historia yake siijui, nanunua ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, au inayosema waziwazi imetengenezwa kwa kipimo hicho kimoja, kutoka kwa muuzaji ambaye kesho nitamkuta pale pale. Angalia pia lakiri ya kizibo. Makopo halisi yaliyojazwa oili ya ovyo yapo sokoni.

Kwa upande wa gia za mkono, kosa linakuja kwa sura nyingine. Kaka yangu ana kirikuu cha kubebea mboga kutoka shamba. Asubuhi gia ya pili ikawa inakwaruza na kukataa kuingia. Kumbe alikuwa ametiwa oili ya gia ya aina ya GL-5 kwenye giaboksi, kwa sababu muuzaji alimwambia tano ni bora kuliko nne. Namba zile si madaraja ya ubora. GL-5 imejazwa salfa na fosforasi nyingi kwa ajili ya difu, ambako meno ya gia yanasuguana kwa kuteleza chini ya mzigo mkubwa. Ndani ya giaboksi kuna ringi za shaba zinazosawazisha mwendo kabla gia haijaingia. Ringi hizo zinahitaji kushika kidogo ili zifanye kazi, na baadhi ya viungo vya GL-5 vinaila shaba. Kirikuu kinataka GL-4 ya uzito wa 75W-90 kwenye giaboksi na GL-5 kwenye difu: makopo mawili kwa gari moja. Tulipomwaga na kutia GL-4, gia ya pili ilirudi, ingawa asubuhi za baridi bado inasita. Kuna magari, zikiwemo Toyota kadhaa za gia za mkono, ambayo kitabu chake kinaruhusu zote mbili. Ndiyo maana nasisitiza kitabu kuliko ubishi wa kijiweni.

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: gari kuukuu, oili haijawahi kubadilishwa, je nikibadilisha giaboksi itakufa? Hofu hii ina chanzo. Watu wamebadilisha oili leo, gari likagoma kesho kutwa. Mara nyingi walikwenda kubadilisha kwa sababu gia zilikuwa tayari zinateleza; visahani vilikuwa vimeshakwisha, oili ikasingiziwa. Mara nyingine walitumia mashine ya kusukuma oili kwa presha, uchafu wa miaka ukang'oka kwa mkupuo na kuziba vijia vyembamba vya valvu. Mimi naamini katika kubadilisha kidogo kidogo. Ukifungua nati ya chini hutoki na oili yote hata hivyo, nusu au zaidi inabaki kwenye konveta na sehemu nyingine za ndani. Kwa hiyo mwaga inayotoka, tia kiasi hicho hicho, endesha wiki mbili tatu, rudia. Kwa mara mbili au tatu oili inakuwa imesafika bila kuishtua giaboksi. Ikiwa oili uliyoikuta ni nyeusi, inanuka kuungua na ina chuma kinachometameta, weka akiba ya giaboksi badala ya akiba ya oili.

Watengenezaji wengine wanaandika kwamba oili hii haihitaji kubadilishwa maisha yote ya gari. Maneno hayo yaliandikwa kwa matumizi ya kawaida. Foleni ya Barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni, jua la Februari, kiyoyozi kimewashwa, sogea hatua mbili simama, si matumizi ya kawaida kwa giaboksi yoyote. Joto ndilo linaloichosha oili. Mimi nimejiwekea kilomita 40,000, kwa otomatiki na kwa CVT.

Na mvua. Waliowahi kukatiza Jangwani, hapa Dar, maji yakiwa yametapakaa barabarani wanapaswa kukagua oili siku ya pili yake. Giaboksi ina tundu la kupumulia. Ikiwa ya moto na ikazamishwa ghafla kwenye maji ya baridi, inavuta maji ndani. Oili nyekundu iliyoingiwa maji inakuwa kama juisi ya ubuyu iliyotiwa maziwa. Ukiiona hivyo usiwashe gari hata kulisogeza, iite bredauni.

Kupima nako kuna adabu yake. Kwa Toyota za otomatiki zenye kijiti, gari liwe sehemu tambarare, limeshatembea likapata moto, injini inanguruma. Pitisha gia zote taratibu ukiwa umekanyaga breki, rudi P, kisha chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Soma alama ya moto, achana na ile ya baridi. Honda nyingi wao wanataka injini izimwe ndipo upime, kwa hiyo usihamishe mazoea ya gari moja kwenda jingine. Kuzidisha ni vibaya kama kupunguza, maana oili iliyozidi inachapwa na gia mpaka inatoa povu, na povu halibani kitu. Kwenye giaboksi isiyo na kijiti, inayotoka ipimwe kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, na kinachoingia kilingane, mpaka fundi mwenye kifaa cha kusoma joto la oili amalizie.

Giaboksi yangu ya sasa nimeifungia kibandiko kwenye bomba la kujazia: aina ya oili, tarehe, kilomita. Fundi wa Iringa ndiye aliyenipa wazo hilo. Ananipigia simu mara moja moja kuuliza hali ya mama kuliko hali ya gari.

Juzi wifi yangu kanitumia picha. Kanunua Premio ya mwaka 2003, na muuzaji wa Ilala kamuuzia kopo la oili ya CVT, kwa kuwa "Premio zote siku hizi ni CVT." Nikamwambia afungue boneti, afute kile kibati, anipigie picha mstari wa A/TM. Picha ikaja ina ukungu wa kidole. Akapiga nyingine. Herufi ya kwanza ya namba ya giaboksi ilikuwa U. Gia nne, otomatiki ya kawaida. Nikampigia hapo hapo nikiwa hata sijafunga mlango wa ofisi, nikamkuta yuko gereji, gari limeinuliwa jeki na nati imeshalegezwa. Kopo lilikuwa bado na lakiri yake. Leo asubuhi amelirudisha dukani, na wamembadilishia.